Ami Sadok Hajamsema Mtu Vibaya

Ami Sadok anauza viungo ndani ya mji mkongwe wa Sfax, huku kwetu Tunisia, na tangu azaliwe hajamsema mtu vibaya. Watu wanamsifu kwa hilo. Mimi namdharau kwa hilo hilo, wala sioni haya kusema.

Kwetu, kijana akija kuposa, jamaa wa binti huenda kumuulizia kwa mwenye duka wa mtaani kwake. Mwenye duka naye hatatamka "mlevi" wala "mvivu", maana kumharibia mtu ndoa yake ni dhambi. Ukiuliza habari za kijana ukasifiwa kijana, umepata mkwe. Ukisifiwa kitu kingine, shukuru, lipia bizari yako, urudi nyumbani ukangoje mposaji mwingine. Hili hakuna anayefundishwa. Tumekua tukilisikia.

Kati ya wenye maduka hao, Sadok ndiye fundi. Ana sauti ya asali na macho yasiyotua usoni mwa mtu. Ukimuuliza kama mvua itanyesha, atakujibu kwamba Mungu ni mkarimu. Kuna siku nilimuuliza kama mbegu zake za karawiya ni za mwaka huu, akaanza kunisimulia jinsi marehemu mama yake alivyokuwa akiipenda karawiya. Sikununua. Na mtu huyo, ajabu ya Mungu, anaitwa mwenye hekima! Hekima gani? Ni mwoga aliyejaliwa adabu.

Mdogo wangu Wasila aliolewa Ufaransa akiwa msichana mbichi, akarudi mjane, na bintiye mmoja tu, Olfa. Haukupita muda, Anis akaja kuposa: meno meupe, gari safi, kazi bandarini. Mtaa wake ni mtaa wa Sadok.

"Niende mimi kumuulizia," nikamwambia Wasila.

"Kwani mimi mtoto, dada? Nitakwenda mwenyewe."

Akaenda, akarudi anacheka. "Wamesifiwa hao! Wamesifiwa mpaka basi!" Nami nikaamini. Tukatangaza siku ya hina.

Siku hiyo ilipokaribia, tulikuwa tumekaa uani tunachekecha unga wa kuskusi, Olfa yuko pembeni anapiga pasi. Nikauliza, basi tu, kwa kupitisha muda, "Hivi Sadok alisemaje hasa?"

"Alisema marehemu baba yake Anis alikuwa na sauti nzuri ya adhana, hata wapita njia walikuwa wakisimama."

"Na Anis?"

"Si ndiyo hivyo, ukoo mzuri."

"Wasila, nimekuuliza Anis."

"Ah, nilipomtaja Anis, akaniambia mama yake ni mwanamke mwenye subira kuliko wote pale mtaani."

Chekecheke likanitoka mikononi. "Subira ya nini, wewe? Amsubirie nani, na mumewe amekufa zamani?"

"Dada, mbona unanitisha? Mtu kasifu!"

"Kasifu nani? Umeuliza mchumba, umepewa maiti na mwanamke mzima!"

Olfa alikuwa amekwishazima pasi. Alivaa viatu akatoka, nasi tukamfuata mbio, mimi na unga wangu mpaka kwenye viwiko.

Duka lilikuwa limejaa wanawake. Olfa alisimama mbele ya mizani akauliza kwa sauti, kama anauliza bei ya pilipili, "Ami Sadok, Anis anapiga?"

Wanawake wote wakainama kutazama vikapu vyao. Majirani wa Anis hao, walewale wanaojua mpaka rangi ya mapazia ya mwenzao!

"Karibu, binti yangu," akasema Sadok. "Umefuata hina, siyo? Nimekuwekea nzuri."

"Sikuuliza hina. Anapiga, au hapigi?"

"Mungu awape kila la kheri."

"Mjibu mtoto, Sadok!" nikasema. "Ulimi umeuweka rehani?"

Akanigeukia mimi, maana mimi ni wa humu humu na alidhani nitamstahi. "Bi Munira, wewe unaelewa. Mimi nilimwambia mama yake. Nilimwambia waziwazi."

"Uliniambia habari za adhana!" akalia Wasila.

"Sasa ulitaka niseme nini zaidi, mwana wa watu?"

Na naapa, alikuwa anaona kweli amemaliza wajibu wake. Alisimama pale na kanzu yake safi, hana deni kwa Mungu wala kwa mteja. Nilitamani kumtemea mate.

Olfa hakupandisha sauti. "Ulimwona mama alivyotoka hapa?"

Sadok akaanza kufunga pakiti ya hina.

"Alitoka anacheka. Ulimwona?"

"Alinunua lozi," Sadok akasema polepole. "Alisema ni za wageni wa harusi."

"Ukajua hajaelewa."

"Nilijua."

"Ukampimia?"

Sadok alitazama mizani yake. "Nilimpimia," akasema.

Posa tuliivunja siku ile ile. Hatukueleza sababu, maana sisi nasi ni watu wa Sfax: tulituma salamu kwamba binti ameona bado anataka kusoma. Kesho yake mama yake Anis akaja kuchukua zawadi walizoleta. Nilikuwa nimejiandaa kwa ugomvi. Mwanamke yule alikaa kwenye ukingo wa kiti, akanywa chai yake mpaka mwisho, akamsifu Olfa kwa uzuri na kumwombea masomo mema. Kisha akanyanyuka, akanyoosha mkono kupokea mfuko, mkono wa gauni ukapanda, bendeji ikaonekana kutoka kifundo cha mkono hadi kiwiko.

"Niliteleza bafuni," akasema haraka. Na hakuna aliyekuwa amemuuliza.