Kinyozi na Meya Anayezomewa

Kinyozi huyu alikuwa golikipa ujanani, na mpaka leo vidole viwili vya mkono wake wa kulia vimepinda, hivyo mashine ya kunyolea huishika kama mtu aliyedaka ndege. Mkewe, anayesuka wanawake upande wa pili wa chumba hichohicho, anamjua kwa masikio tu. Redio ikisema meya kazomewa, mashine itazimwa, koo litasafishwa, kisha mteja aliyenyolewa nusu kichwa ataambiwa, "Bwana, bao lililoingia mmeliona. Mipira aliyoidaka nani kaiona?" Wateja huwaka moto: taka hazizolewi, maji hayatoki! Yeye huwapangusa shingo taratibu, wala hapandishi sauti. Kadi ya chama hana. Mkewe husema chama chake kina milingoti miwili na wavu.

Uchaguzi ukaja, meya akabwagwa. Mkewe akamchemshia chai ya kumliwaza, akijua mtu wake yuko msibani. Wapi! Meya mpya hajakaa hata wiki, mteja mmoja akaanza kumponda kwa mashimo yaleyale ya barabarani. Mashine ikazimwa, koo likasafishwa. "Bwana, ndiyo kwanza kaingia, hata mikono haijapata joto."

Mkewe akaacha kusuka. "Baba watoto, si juzi tu ulikuwa unamlilia yule wa zamani?"

Kinyozi akapuliza nywele shingoni mwa mteja, akatabasamu. "Yule ametoka golini, mke wangu. Sasa hivi yuko jukwaani na hawa, anazomea."