Bei Iliyotangazwa Ngazini

Saa mbili asubuhi, mwosha mazulia anavua kandambili mlangoni, anaingia peku na kuanza kutembea polepole, ukuta hadi ukuta. Nyayo ndizo zinazompa habari za kwanza. Hapa pana mchanga, pale pana unyevu, na karibu na meza mtu amemwaga kitu chenye sukari. Mpangaji, mama kijana mwenye mtoto mgongoni, anamfuata kwa macho kama aliyefumaniwa.

"Dada, huyu mtoto juzi alikuwa anaumwa tumbo, sasa..." anaanza kujitetea.

"Sijakuuliza kitu, mdogo wangu," anamkatiza kwa upole. "Nimekuja kupima tu. Hebu nishikie ncha ya futi."

Wanapima chumba, na bei anaitaja kwa sauti ya chini: elfu nane. Ni ile ile aliyoitaja nyumba ya jirani, ambako zulia ni safi kana kwamba watu wa humo wanaruka.

Mtaani anaitwa Mama Povu. Anakaribia miaka hamsini, na ngozi ya vidole vyake imekunjamana kwa sabuni. Anafanya kazi na wifi yake, dada wa mumewe, mwanamke mwenye mabega ya kubeba zulia lililolowa na mdomo usio na breki. Wateja wao wakubwa ni majengo manne ya ghorofa yanayotazamana, nyumba za kupanga mwanzo mwisho, kila moja imetandikwa zulia la mwenye majengo. Mara mbili kwa mwaka mazulia yote hushushwa uani, yakasuguliwa, yakaanikwa.

Zamani bei ilikwenda kwa doa. Uchafu wa kawaida ulilipwa na mwenye majengo, lakini doa lilikuwa la mpangaji. Chai ilikuwa na bei yake, wino na yake, mkojo na yake. Mkojo wa mnyama ndio uliokuwa ghali kuliko yote, maana dawa yake ni ya kuagiza, na isitoshe mnyama haruhusiwi kufugwa pale, kwa hiyo juu yake kulikuwa na faini.

Mama Povu alikuwa akipiga magoti, ananusa, anatoka ngazini na kutangaza doa na bei yake. Msimamizi wa majengo, mtu asiyependa kupanda ngazi, alisimama chini na kalamu yake akiandika. Ngazi zile zina mwangwi.

"Ilikuwa kama mnada," anasema wifi yake. "Kila mtu anajua jirani kamwaga nini. Tulicheka sana, nisikudanganye."

Mama Povu hacheki. Anainamia ndoo na kukoroga sabuni ambayo imeshakorogeka.

Mwaka jana walifika ghorofa ya tatu, kwa mzee mmoja aliyekuwa dereva wa malori ya masafa marefu. Anaishi peke yake. Ni mtu wa kunyoosha kola hata akienda kutupa taka. Mama Povu alimwita baba, naye alimwita binti yangu, na hakuna siku aliyoingia mle asisogezewe kiti.

Siku hiyo alipiga magoti karibu na kitanda, akanusa, akatoka nje na kutangaza mkojo. Milango ikafunguka, vichwa vikachungulia. Nyuma yake mzee akasema haraka, "Ni paka huyo. Paka wangu."

Hapo ndipo Mama Povu alipofanya kosa ambalo asiyeijua kazi hii asingelifanya.

"Mimi kichwani nina bei," anasimulia. "Paka ni mara mbili, halafu kuna faini. Nikaona mzee wa watu anajitia hasara bure. Nikageuka, nikamwambia kwa sauti ile ile ya kutangazia: hapana baba, huu si wa paka. Wa paka naujua. Huu ni wa mtu mzima."

Brashi imesimama mkononi.

"Nilidhani namwokolea hela," anasema.

Chini mtu mmoja alicheka. Mzee alinyoosha kola yake, akarudi ndani na kufunga mlango taratibu. Mama Povu akabaki ngazini peku, futi mkononi, na alikuwa ameshashuka hatua kadhaa ndipo akaelewa alichokifanya.

"Niliona aibu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Mtu ananiita binti yangu, mimi namvua nguo mbele za watu. Na pua yangu hii, ambayo nilikuwa naringa nayo."

Jioni alirudi kuomba radhi. Mlango haukufunguliwa. Sauti ya mzee ilitoka ndani, tulivu kabisa: "Hakuna neno, binti. Nenda salama." Anasema afadhali angetukanwa. Awamu iliyofuata alibisha hodi, akajibiwa zulia liachwe kama lilivyo.

Ndipo alipomwendea msimamizi na bei mpya: chumba kimoja elfu nane, zulia liwe na doa lisiwe na doa, yote juu ya mwenye majengo, na hakuna kutangaza.

"Akaniuliza, sasa mwenye majengo alipie madoa ya mchafu, ni biashara gani hiyo? Nikamwambia ni biashara yangu."

Ili akubaliwe, ilibidi bei iwe juu kidogo tu ya ile ya zulia lisilo na doa. Kwenye zulia lililoharibika sana, dawa peke yake inameza karibu nusu ya fedha. Kwa awamu moja wanarudi nyumbani na fedha zilizopungua kwa theluthi kuliko walizokuwa wakipata zamani.

"Aibu ni yake, lakini tunailipa wote," wifi yake analalamika, kisha anainua ndoo mbili kwa mpigo. Hajawahi kukosa kazini hata siku moja.

Mkataba unakwisha mwezi huu. Msimamizi ameshampata mwosha mazulia mwingine, anayetoza kwa doa, na amemwambia Mama Povu waziwazi kwamba akirudia bei ya zamani kazi ni yake. Amekataa. Kitu kimoja tu ameliomba gazeti hili, kwamba namba ya nyumba ya mzee isiandikwe. Haitaandikwa.

Saa sita mchana imebaki ghorofa ya tatu. Anasimama chini ya ngazi, anafuta mikono kwenye khanga iliyokwishalowa.

"Jikaze kisabuni, wifi," anaambiwa. "Akikataa, tutashuka."

Wanapanda. Anabisha.

"Hodi, baba. Ni mimi, wa mazulia."

Ndani, kandambili zinaburuzwa, kisha zinasimama.

"Siku hizi ni bei gani?"

"Ni moja, baba. Nyumba zote."

"Na mnatangaza?"

"Hatutangazi tena. Nilikukosea, baba. Nilikuvunjia heshima mbele za watu. Nisamehe."

Kitasa kinazunguka. Mzee amesimama, kola imenyooka, na kando ya mlango zulia limeshakunjwa na kufungwa kamba.

"Ni zito hilo," anasema. "Libebeni wawili."

Kuhusu msamaha hasemi lolote, na Mama Povu hamwulizi mara ya pili.

Uani, zulia linatandazwa katikati ya mengine. Anapiga magoti kwenye pembe moja na kusugua kwa muda mrefu. Msimamizi, aliyekuwepo chini ya ngazi siku ile, anasimama juu yake.

"Hilo lina nini?"

"Vumbi," anajibu bila kuinua kichwa.

Msimamizi anasubiri kidogo, kisha anaondoka. Mama Povu anamwaga maji safi, anayasukuma kwa brashi mpaka mferejini. Anasema likipata jua la kutosha litakuwa limekauka Jumamosi, na mkataba uwepo usiwepo, atalipandisha mwenyewe na kulitandika karibu na kitanda.

"Nikimaliza nitasubiri kidogo," anasema. "Nione kama atanisogezea kiti."