Mashine ya Mvuke ya Mama

Mtu akiniita mchafu tutagombana, na nitashinda. Sakafu yangu hapa Kalemie, kando ya ziwa, inapanguzwa mara mbili kwa siku, masufuria yangu unaweza kujitazama ndani, na kule bironi, ofisini kwangu bandarini, hata wakubwa wanafuta viatu mbele ya kuingia kwangu. Nayasema mapema ili ujue ni mtu wa namna gani aliyemgonjesha mama yake mzazi kwa uchafu.

Mama anaishi kwangu. Kila kiangazi, vumbi la barabara likianza kupanda, pua yake ilikuwa inakauka mpaka inatoa damu. Mdogo wangu aliye Ulaya akamtumia mashine ya mvuke: unajaza maji kwenye tangi lake, unaichomeka kwenye umeme, nayo inapuliza mvuke wa baridi chumbani. Damu ikakoma wiki ileile. Nilijivuna, sitaficha. Jirani akija kusalimia, nilimpitisha chumbani kwa Mama akaione, imekaa mezani juu ya kitambaa cha krosheti. Kila asubuhi niliipangusa kwa nje mpaka inang'aa.

Ndani sikugusa. Kwetu maji hayamwagwi ovyo. Bomba likikauka, yanapanda kilima kutoka ziwani kwa bidoni, yaani madumu, kichwani, na mtu aliyebeba bidoni tangu utoto hawezi kuona maji safi yakimwagwa bila moyo kumuuma. Pipa la nyumbani tunaliongezea tu. Basi na mashine niliifanyia vivyo hivyo: maji yakipungua, naongeza. Umeme ukikatika siku tatu, maji yanakaa humo yakisubiri. Karatasi ya maelezo niliihifadhi kwenye plastiki pamoja na hati za nyumba, safi kabisa, bila kuisoma. Nisome nini? Maji ni maji.

Mwezi wa pili tangu mashine ifike, Mama akaanza kukohoa, kifua kikipiga filimbi. Nikampa ndimu na asali, nikampa siropu ya farmasi, na kwa sababu nampenda, nikaongeza mvuke. Kikohozi kikazidi. Kaka yangu mkubwa, anayekaa Kongolo, alipomsikia kwenye simu akapanda treni. Alifika na uamuzi wake tayari.

"Hewa ya ziwa haimufai Mama," akasema hata mbele ya kuketi. "Jumamosi ninarudi naye."

"Hewa hii njo ilimukomaza yeye na wewe! Mama haendi fasi yoyote."

"Na vile anakohoa, hauone?"

Nilikuwa naona, na hilo ndilo lililoniuma. Kumtoa Mama kwangu ni kuuambia ukoo mzima kwamba nilishindwa kumtunza. Na zaidi ya hayo, nyumba hii bila yeye ningeikalia vipi? Nikaanza kufua nguo zake za safari, nalia kwa hasira.

Jumanne umeme ukakatika mtaa mzima. Alhamisi Mama alikohoa kidogo tu. Ijumaa asubuhi hakukohoa kabisa, akanywa chai vikombe viwili, na Kaka akasema ni maombi yake yamejibiwa. Saa nne umeme ukarudi, mashine ikaanza kupuliza, na sijamaliza hata kuosha vikombe Mama alikuwa ameshika kifua. Haa! Mimi si mjinga. Nikachomoa waya, nikabeba mashine mpaka uani, nikaifungua.

Aibu iliyonikuta! Ndani ya tangi, chini, kulikuwa na utelezi, kidole changu kikaserereka kama juu ya ngozi ya kambale. Kwenye kona, madoa meusi ya kuvu. Na harufu ya tambara lililosahauliwa kwenye ndoo. Hiyo ndiyo hewa niliyokuwa nampa Mama kwa mkono wangu mwenyewe.

Ningeweza kuisugua kimya, nani angejua? Lakini mimi nikikosa, nakosa mchana kweupe. Nikamwita Kaka.

"Kuya uone kitu kilimugonjesha Mama. Si ziwa. Ni mimi."

Kaka akainama, akanusa, akarudisha kichwa nyuma. "Yesu!" Kisha akakunja mikono ya shati bila kunihubiria, jambo ambalo si la kawaida yake. Nikamsomea ile karatasi kwa sauti: mwaga maji kila siku, osha, kausha. Tukamimina vinegre, ile siki ya saladi, tukaiacha ilegeze uchafu, tukasugua kona kwa mswaki mpya, tukasuuza mpaka harufu ya vinegre ikaisha, tukaanika vipande juani. Siku hizi tangi langu halilali na maji: ya jana yanaenda kwenye mboga zangu za lengalenga uani, na moyo hauniumi tena. Umeme ukikatika, namwaga palepale na kuliacha wazi. Jimbo letu zima la Tanganyika hakuna mashine safi kuliko yangu, na anayebisha aje nimfungulie.

Jumamosi Kaka alipanda treni peke yake. Ila ile Ijumaa, tulipokuwa bado tunasugua, Mama alikuja akakaa mlangoni akitutazama.

"Ilikuwa inanuka," akasema. "Siku mingi."

Nikamgeukia. "Mama! Ulijua? Sasa kwa nini haukuniambia?"

Akanitazama bila hasira yoyote.

"Mwanangu, wewe unaambiwaka kitu?"

Kaka hakucheka. Nikachovya mswaki kwenye vinegre, nikaendelea kusugua.