Asali Isiyofundishwa

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Paskalina anachovya kijiti kwenye debe la asali iliyofika kwa treni kutoka Tabora. Anakiinua. Uzi wa asali unashuka bila kukatika. Binti yake Evarista, mwenye miaka tisa, anatazama.

Paskalina ni Mhadzabe, wa jamii ya wawindaji na warina asali wa bonde la Yaeda. Ameuza asali nje ya soko la Kariakoo tangu mumewe, Ignasi, ahamishiwe karakana ya reli Gerezani. Kwao, anasema, mtoto hujifunza kwa kufuatana na watoto wenzake na kuwatazama wakubwa.

"Nikimwambia, atajua maneno yangu. Akitazama, ataijua asali."

Majirani hawajazoea. Mwinyimvua, muuza viungo wa meza ya pili, humuuliza ulimi wake ameuweka rehani kwa nani. Evarista alipoanza kukata masega kwa kisu kikali, akiwa na miaka minne, wanawake walikimbia kumpokonya. Mama yake alikuwa amekaa pembeni, macho kwenye kisu.

Aliyechukizwa zaidi ni wifi yake, Clotilda, wa Magomeni. Kwake, huko si kulea bali kutelekeza, na alimtaka Evarista akakae naye. Ignasi alikubali kwa sharti kwamba mtoto aulizwe kwanza mama yake amemfundisha nini.

Jumamosi iliyopita Clotilda alifika. Furushi la nguo za Evarista lilikuwa chini ya meza, limeshafungwa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Haya, mama amekufundisha nini kwenye hii asali?"

"Hajanifundisha kitu."

Clotilda alimgeukia wifi yake. Paskalina aliendelea kufuta vifuniko.

"Kasema kweli," alisema.

Clotilda akamwita na binti yake mwenyewe, Selina, wa miaka mitano, waondoke wote. Selina alikuwa akishinda hapo, kwa kukosa pengine pa kuachwa, tangu mama yake aanze kumuuguza mkwewe. Alikuwa amechuchumaa na watoto wengine mbele ya vikopo vya uji wa udongo, wakicheza kuuza asali. Alichovya njiti, akaiinua.

"Huu umekatika. Una maji. Siuuzi."

Mama yake alimuuliza nani kamfundisha.

"Hakuna. Namwangaliaga Eva."

Mwinyimvua alicheka peke yake. Clotilda alikaa juu ya gunia. Kisha alichukua kijiti cha Paskalina, akakichovya kwenye debe, akakiinua, akakichovya tena. Hakumuuliza mtu.

Aliporudi Magomeni, furushi lilibaki chini ya meza, na Evarista akabaki kwa mama yake. Jumatatu asubuhi alimleta Selina tena.