Sekunde Sita Zilizonipeleka Ruangwa

Nilikwenda Ruangwa kwa sababu nilikuwa nimemfundisha mwanafunzi kosa. Hadija, aliyemaliza kidato cha sita, alikuwa na usaili huko wa ufadhili wa chuo kikuu saa tatu asubuhi. Alitakiwa kueleza mada moja ya fizikia, na mimi ndiye niliyemwandaa.

Saa kumi na mbili asubuhi, Nachingwea, nilirudia hesabu yetu nikinywa chai. Chembe inaongeza kasi sawasawa, kutoka sifuri hadi sehemu nane kati ya kumi za kasi ya mwanga, kwa sekunde kumi za saa zetu. Saa inayosafiri na chembe, ambayo huchelewa kadiri kasi inavyoongezeka, itahesabu sekunde ngapi? Tuliandika sita. Nikaweka kikombe chini: tulikosea. Tulitumia kasi ya mwisho kwa safari nzima, ilhali mwanzoni chembe ilikwenda polepole na saa yake haikuchelewa sana. Tulipaswa kuikata safari vipande vidogo, kila kipande na kasi yake, kisha tujumlishe. Jibu ni karibu nane nukta nane.

Hadija alilala Ruangwa kwa shangazi yake. Simu yake haikupatikana. Nikakodi bodaboda.

Njiani vumbi la malori ya ufuta lilitufunika. "Mwalimu, usinikabe hivyo, tutaanguka," alisema Bakari, dereva. Niliogopa kuanguka, nikaogopa zaidi kuchelewa. Kabla ya Ruangwa tukapata pancha.

Saa tatu na robo nilifika kwenye ofisi ya usaili. "Hadija ameshaingia, mama," alisema karani mlangoni. Nilikaa kwenye benchi. Ndani nilisikia chaki, ikakoma, kisha ikaanza tena.

Alipotoka alishtuka kuniona. "Shikamoo, mwalimu."

"Hadija, ile sita si sahihi!"

"Najua. Niligundua juzi."

"Mbona hukuniambia?"

Akainamisha kichwa. "Niliogopa. Rehema alipokukosoa ulimtoa nje ya darasa."

Nikamuuliza, "Humo ndani umeandika ngapi?"

"Sita, kama ulivyonifundisha. Wasaili wakaniuliza kama nina uhakika. Nikafuta, nikafanya upya."

Mchana majina ya waliopata ufadhili yalibandikwa. La Hadija lilikuwa la mwisho, lakini lilikuwapo. Alinikumbatia akilia.

Jioni tulirudi pamoja kwa basi. Alisinzia begani mwangu. Mimi nilikaa macho, nikiwahesabu wanafunzi niliowafundisha, nikijiuliza wangapi waliona makosa yangu wakanyamaza.