Korosho ya Shaba

Nta ikiungua juu ya makaa hutoa harufu tamu inayochosha kifua, nami nimeinusa tangu utotoni huku Changamwe, malori yakinguruma nyuma ya ukuta mchana kutwa. Mama alikuwa akisubu vidani vya shaba na kuwauzia wachuuzi wa Shanzu, nao wakiwauzia watalii wa kizungu. Alikandamiza kidani kwenye udongo apate kalibu, akamimina nta humo, akatoa nakala za nta. Kila nakala aliivika udongo laini, akaibanika mpaka nta ikayeyuka ikatoka, kisha akamimina shaba pale nta ilipokuwa.

Mwaka aliofariki bibi mzaa mama, aliacha kidani kimoja tu, korosho ya shaba aliyoivaa tangu arusi yake. Dada zake Mama, Mama Mkubwa Kadzo na Mama Mkubwa Sidi, wakaigombea hata wakaacha kusalimiana. Kanisani mmoja akikaa mbele, mwenzake alikaa mlangoni. Mama akasubu nakala mbili, akazisugua kwa majivu na ndimu, akazipanga pamoja na ile ya bibi wasiweze kuitambua. Lakini shaba ikipoa hunywea kidogo, nakala ikawa ndogo kuliko ya asili. Mama Mkubwa Kadzo akazipima kwa ncha za vidole.

"Hii ndiyo ya mama. Hizo kawauzie wazungu wako."

"Huichukui ng'o!" akasema Mama Mkubwa Sidi, ameshamdaka mkono.

Mama aliwanyang'anya, akawaambia warudi Jumamosi. Walipokuja, kalibu tatu za udongo zilikuwa tayari, nta imeshatoka. Mbele ya macho yao aliitumbukiza korosho ya bibi kwenye chungu cha kuyeyushia shaba, na zile nakala juu yake.

"We Mbodze! Una wazimu? Unamuunguza mama!" Mama Mkubwa Kadzo akampigia Mama kelele.

"Nimechoka nanyi," Mama akasema, jasho likimtiririka. "Sasa kila mtu atamvaa."

Alianza kumimina za dada zake. Alipozivunja kalibu, mbili zilitoka nzima. Ya tatu, yake, ilikuwa nusu. Shaba nyingine ilikuwa imegandia chunguni. Niliwatazama mama wakubwa, nikingoja mmoja aseme, chukua yangu. Thubutu! Kila mmoja alifunga yake kwenye pindo la leso, wakatoka pamoja, wakicheka kwa mara ya kwanza tangu matanga. Niliwachukia siku ile, nasema kweli. Mama alibaki akikwangua chungu. "Mfinyanzi hulia gaeni," akasema, wala hakutabasamu.

Siku hizi nasubu mimi, ua ni ule ule, malori yamezidi, na kifua hakinipi raha. Mama na dada zake, wote watatu, wamekwenda zao kaburini. Wajukuu wa mama wakubwa huniletea korosho zao niwatolee nakala za arusi, na kila kizazi hunywea; hizi za sasa zinakaribia kuwa kunde. Juzi mjukuu wa Mama Mkubwa Kadzo aliiona ile nusu shingoni mwangu.

"Mama mdogo, yako ilivunjika?"

"Haikuvunjika, mwanangu. Ilimiminwa mwisho."

Akanipa pole, kisha akaniuliza zake zitakuwa tayari lini.