Chokaa ya Mamangu Kwenye Magunia

Nyumba yetu ya Mji wa Kale ni ya watu wawili, mimi na mdogo wangu wa kiume. Mimi nakaa ndani yake, yeye anakaa Uarabuni, mwaka wa ishirini na kitu huu. Lakini ilipofika kuchagua rangi, mchaguaji akawa yeye. Hasira zangu zinaanzia hapo, na nalisema mapema ili anayetafuta maneno ya subira aende kwa mwingine.

Alinipigia simu mwezi wa saba. Bintiye ameolewa huko huko, na wakwe zake walitaka kuja kutazama tulikotoka.

"Dada, wanakuja mwezi ujao. Nyumba nzima ipigwe rangi."

"Sasa? Na kipupwe hiki?"

"Kipupwe gani, dada? Baridi ya Mombasa ni ya kujifunika shuka tu."

Akacheka. Nikamwambia, yakhe, kuta zetu ni matumbawe na chokaa, zimekunywa mvua za masika na hazijakauka. Kusi likivuma namna hii ukuta unalia wenyewe. Ngoja kaskazi, jua litoke, ukuta ukauke. Akanijibu ati rangi za siku hizi hazijui kusi wala kaskazi.

Mimi habari hii naijua kwa sababu niliwahi kuifanya mwenyewe, na aibu yangu naitoa hapa. Nilipokuwa msichana nilipika katika nyumba moja kubwa Kizingo, kule kwenye miti na mabustani. Kuta zao chini zilipakwa rangi ya mafuta, kijani, inang'ara, ukiipangusa kwa kitambaa inarudi kama mpya. Nikaona uchungu. Siku moja nilipewa mkebe uliobaki. Hapana, uwongo. Sikupewa, niliuchukua, nikautia ndani ya buibui nikatoka nao langoni nikimwamkia bawabu. Nikaupaka ukumbini kwetu, kipupwe kama hiki, nikajiona mwanamke wa Kizingo. Hata mwezi haukwisha, ukuta ukatoka malengelenge kama mtu aliyemwagikiwa na uji. Mamangu hakunipiga. Aliniambia, "Umelivisha jiwe koti la mvua. Sasa litapumulia wapi?" Akanipa kisu butu nikakwangua yote, na mdogo wangu, aliyekuwa bado mtoto, akapewa mti akoroge pipa la chokaa.

Kwa hivyo alikuwepo. Asije akasema hakujua.

Mamangu alikuwa na ada yake. Kila Shaaban, kabla Ramadhani haijaandama, alikipaka chokaa chumba chake cha ndani, ambacho sasa ni changu. Aliizima chokaa pipani, ikachemka kama ina jini, akaiacha itulie, akatia chumvi ishike, kisha akafunga nili ya kufulia katika kitambaa na kuizungusha humo. Burashi yake ilikuwa kumbi la nazi lililopondwa. Ukuta ukitoka hapo una weupe wenye usamawati kwa mbali, kama kanzu iliyofuliwa na mtu anayejua kufua. Hakukwangua hata mara moja, alipaka juu ya ile ya mwaka jana. Alipofariki aliogeshwa katika chumba hicho, na Shaaban iliyofuata nikashika kumbi mimi. Nimeshawaambia watu wote, nami nitatolewa humo humo.

Ndipo nikamwambia mdogo wangu, ukumbi fanya utakavyo, ngazi fanya utakavyo, chumba changu kiache.

"Chumba chako hakuna atakayekigusa, dada." Hayo ni maneno yake, na nimeyahifadhi kama Alhamdu.

Nikaenda na fundi dukani. Fundi ni mtu wa bara, Mkristo, mpole, kazi yake safi, simlaumu sana. Nitamlaumu kidogo. Mwenye duka ni Mhindi tuliyekua naye, babake alimuuzia babangu misumari. Akanitolea kadi ya rangi, vijisanduku vidogo vidogo vimepangwa kama dawa, chini yake maandishi. Mimi nilisoma chuo cha Kurani, na shule nikaishia darasa la pili, maandishi ya kizungu yananipita. Wakati huo mdogo wangu keshatuma picha kwenye simu ya fundi: chumba cha hoteli, kitanda cheupe, ukuta wa rangi ya jivu.

"Hii ndiyo inayokwenda, Bi mkubwa," Mhindi akasema. "Watu wote wanataka hii."

"Watu wote wamefiwa?"

"Ah, Bi mkubwa! Hii iko na jina zuri. Inaitwa Moshi wa Alfajiri."

"Kwangu moshi wa alfajiri ni mkaa uliokataa kushika."

Fundi akacheka mpaka akashika meza. Akaniuliza, "Wewe, Mama, ungetaka ipi?" Swali hilo mdogo wangu hajaniuliza mpaka leo. Nikaichukua kadi nikatoka nayo, fundi nyuma yangu, hadi uchochoroni kwetu, nikaiinua karibu na ukuta. Kipupwe hata saa sita uchochoro wetu hauna jua, mbingu imefumba. Zile rangi zote zilizong'ara dukani zikafa, na ile ya jivu ikawa maji yaliyooshewa sufuria. Nikamwonyesha fundi kidole: nyeupe, hii hapa ya mwisho. Akamtumia mdogo wangu. Jibu likarudi kabla hatujafika dukani. Jivu.

Haya. Ukumbi ukapakwa jivu.

Wiki hiyo hiyo mume wa binamu yangu akafariki Majengo. Matanga kwetu ni siku tatu, wanawake hulala huko huko, na sikuweza kumwacha binamu yangu peke yake na mikeka na sufuria za watu. Nikiwa mlangoni na kanga zangu nikamwambia fundi, "Chumba hiki, hapana." Akasema, "Sawa, Mama." Nikapanda tuktuk.

Siku ya nne nimerudi, nimechoka, macho yananiwasha kwa moshi wa kuni. Nikaona magunia matatu kando ya baraza, yamejaa, na mkokoteni unangoja. Wageni wa Ngome ya Yesu wanapita wakiupiga picha mlango wetu. Mimi natazama yale magunia. Nikalifungua moja.

Ilikuwa chokaa. Mapande mapande. Nikatoa moja, kubwa kama kiganja, nikalitazama ubavuni. Tabaka juu ya tabaka kama chapati iliyokunjwa vizuri: nyeupe, samawati, nyeupe, samawati iliyokolea ya mwaka ambao nili ilimponyoka, nyeupe. Nikajaribu kuzihesabu, macho yakakataa.

Fundi alikuwa ndani anaosha burashi. Hakuniangalia.

"Mama, tajiri alipiga simu. Akasema wakwe wataona chumba kimoja tofauti, itakuwa aibu."

"Tajiri ni nani humu?"

Akazamisha burashi majini.

"Nilikwambiaje mlangoni?"

"Uliniambia hapana, Mama. Lakini ile kitu ilikuwa nene! Siku mbili nzima nakwangua, mkono umevimba. Nikaweka simiti, juu yake rangi ya jivu, sasa imelala sawa kabisa."

Alinieleza hivyo kama mtu anayengoja kupongezwa. Nikampigia mdogo wangu mbele yake.

"Dada, ni chokaa tu."

"Aliyekuwa akikoroga pipa ni nani?"

"Dada, mtandao mbaya huku..."

Mtandao! Alipochagua jivu mtandao ulikuwa mzuri. Nilitukana siku hiyo, matusi ambayo sikujua kama ninayo, nikiwa na mavazi ya matanga. Sijutii. Majirani walifungua madirisha, kisha wakayafunga kwa adabu.

Sasa sikilizeni ukuta ulivyosema. Siku ya tano ulitoa jasho. Siku ya kumi ulitoa uvundo, nguo zangu zote zikanuka kama chupi ya mvuvi, mnisamehe. Siku ya kumi na mbili yakatoka malengelenge, kwanza chini, kisha yakapanda, makubwa kama mandazi. Wakwe walipofika, mdogo wangu akiwaongoza, mama mkwe alikohoa ukumbini, akakohoa ngazini, akasema kwa heshima sana kwamba kifua chake hakipendi nyumba za kale. Wakapelekwa hoteli, kule kwenye kuta za jivu zilizokauka.

Mdogo wangu akabaki. Akasimama chumbani kwangu na kanzu yake iliyopigwa pasi, akatia kidole kwenye lengelenge moja. Likapasuka, maji yakatiririka mpaka sakafuni.

"Nitamwita fundi aweke rangi ya kuzuia maji."

"Maji yako ndani ya jiwe, wewe! Unayazuia yasiende wapi?"

Nikaenda jikoni nikaleta kisu butu nikamtia mkononi. Akakitazama, na nikaona amekikumbuka. Akakunja mikono ya kanzu akaanza. Jivu likamwanguka juu ya kofia, juu ya ndevu. Aliikwangua ile rangi, ikatoka kama ngozi, akaifikia simiti. Akaigonga, akaibandua kwa jasho, mpaka adhana ya Ijumaa ikaanza naye hajaacha. Alikuwa akikwangua kama mtu anayetafuta kitu. Akafika kwenye tumbawe lenyewe, lenye mashimo, limelowa, limekuwa jeusi.

Akashusha mkono.

"Dada. Ile ya mama iko wapi?"

Wallahi aliuliza hivyo. Alidhani iko chini, alidhani rangi ni kama shuka, ukiliondoa, mkeka unaukuta pale pale.

"Uliitia maguniani," nikamwambia. "Mkokoteni uliichukua."

Akakaa sakafuni na kanzu yake. Alilia, nami nikamtazama akilia, sikumpa hata leso. Aliondoka na wakwe zake wiki ya pili yake. Simiti iliyobaki nimemaliza kuibandua mwenyewe, hadi mkono unapofika, na pipa la chokaa liko uani linangoja kaskazi.

Lile pande moja nililotoa guniani ninalo. Nimelifunga katika kanga, liko ndani ya sanduku langu. Siku ile lilikuwa hatua mbili kutoka alipokaa akilia. Sikumwonyesha.